Mposaji wa Yorktown

Babu Ghanim hakuwahi kupanda manowari yoyote, lakini nyumbani kwake Al Amerat hakuna mposaji aliyepewa jibu kabla ya kueleza mwisho wa meli za Kimarekani zilizopigana na Wajapani. Aliamini kwamba kijana asiyejua meli ilizamaje hawezi kuizuia nyumba isizame. Kwa sababu hiyo Aflah, aliyeletwa na mjomba wake, alikataliwa Ijumaa moja ya mwaka 2003. Aliulizwa manowari Yorktown ilizama wapi, naye akajibu kwa ushujaa, "Pearl Harbor."

"Mrejeshe nyumbani," Babu alimwambia mjomba kwa upole. "Bado mchanga huyu."

Nasriya, mjukuu wa Babu na mwanafunzi wa chuo kikuu, alilia, kisha akafuta machozi na kumfundisha Aflah vita vya Pasifiki kwa simu hadi sikio likamuuma. Hakutaka mume mwingine. Alitaka pia ndoa iliyojengwa juu ya ukweli, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Ijumaa iliyofuata Aflah alirudi. Ndevu amenyoa, kofia ameiacha, amepiga kilemba cha zambarau na kuvaa jambia kiunoni. Safari hii aliletwa na ami yake, aliyemtaja kwa ukoo wa baba. Nasriya na Bibi Wadha, mke wa Babu, walikuwa nyuma ya pazia la majlisi, chumba cha wageni, wakichungulia. Babu, aliyeshikilia kwamba miwani ni ya wazee, hakumtambua.

"Haya, mwanangu. Yorktown?"

Aflah akaivuta sahani ya halwa katikati ya zulia, kama meli katikati ya Pasifiki. "Hii hapa, karibu na Midway. Wajapani wanaipiga mabomu, inawaka, wanaondoka wakijua wameimaliza. Mabaharia wanauzima moto, meli inakwenda tena. Wajapani wengine wanakuja, wanaikuta nzima, wanadhani ni nyingine. Wanaipiga tena. Hata hivyo haikuzama siku ile. Nyambizi ndiyo iliyoimaliza baadaye."

Babu alifurahi hata akaimwagia Pasifiki kahawa. "Huyu ndiye. Si kama yule bwege wa Ijumaa iliyopita, aliyeizamisha bandarini."

Ami alikohoa. Aflah akaitazama halwa.

"Nyamaza," Bibi Wadha alinong'ona, ingawa Nasriya alikuwa bado hajasema kitu.

Nasriya akajaribu kunyamaza. Moyo wake ulijaribu pamoja naye, lakini ulimi ulikataa.

"Babu," alisema kupitia pazia, "bwege ndiye huyuhuyu."

Babu aliinama mpaka pua yake ikakikaribia kidevu cha Aflah. "Wewe ndiye uliyesema Pearl Harbor?"

"Ndimi, babu. Nisamehe."

"Na mie nikaenda kulala nikijua nimekuzamisha." Mabega ya mzee yalianza kutikisika kwa kicheko. "Basi mie ndiye Mjapani." Akamgeukia ami. "Mleteni na baba yake Ijumaa ijayo, tuzungumze siku ya ndoa. Na ndevu azirejeshe, nisije nikamkataa tena."

Nyuma ya pazia Nasriya alikaa chini.

"Mie nilimjua tangu anavua viatu," alisema Bibi Wadha.

"Na ukataka ninyamaze, bibi?"

"Babu yako alikuja kwa babangu mara tatu, kila mara na kilemba chengine. Mie nilinyamaza."