Pini Tupu Kando ya Nondo

Kitu cha kwanza alichokiona binti siku alipoanza kufuta vumbi kwenye chumba cha wadudu ni pini tupu. Droo nyingine zote za jumba lile la makumbusho zilisheheni nondo, bawa kwa bawa. Droo hii ilikuwa na nondo mmoja wa rangi ya majivu, na kando yake pini isiyoshika kitu.

"Umesahau kumweka mwenzake, mzee?" alinong'ona.

Mtunzaji, ambaye wafanyakazi walimwita Sindano kwa wembamba wake, alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Kumbe una mdomo! Nilidhani wameniletea bubu. Sikiliza, mjukuu wangu. Kila droo ni jenasi moja, yaani ukoo. Ukoo wa huyu una aina moja tu, ndiyo yeye. Hana shangazi, hana binamu. Hiyo pini ni ya ndugu yake, akipatikana."

"Na asipopatikana?"

"Itamngoja. Pini haili, hailali."

Tangu hapo wakawa wanakunywa chai pamoja mlangoni, maana ndani chai ilikuwa marufuku. Mzee alimwita mjukuu, naye akaitikia "abee, mzee," macho chini. Neno linaloitikia "mjukuu" lilimfika mdomoni, akalimeza pamoja na chai. Alikuwa amelelewa na watu baki, akaona haya kujipachika kwenye ukoo wa mtu.

Kisha Sindano akaanza kukohoa. Alikohoa msimu mzima wa mvua, mwishowe akalazwa. Asubuhi moja binti alikwenda na chupa ya chai, akakuta kitanda kimetandikwa upya.

Kwenye dirisha la chumba cha maiti, meneja wa makumbusho alikuwa ametangulia. "Mkewe alifariki zamani, na mtoto hawakujaliwa," alikuwa akimwambia karani. "Hana mtu."

"Basi manispaa watamzika. Bila ndugu hatutoi mwili."

Binti aliikumbatia chupa ya chai. Akilini aliiona ile pini tupu, imesimama wima miaka yote hiyo.

"Anaye," alisema.

Meneja akageuka. "Nani? Wewe si mfagiaji wetu, yule asiyeongea?"

"Ndiyo mimi." Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye kifuniko cha chupa, lakini safari hii hakuinamisha macho. "Na huyo mnayemzungumzia ni babu yangu."