Milango Iliyokwenda Kukarabatiwa

Asubuhi ya kikao cha wazazi, mjukuu wa Bi Taratibu alimwaga chai yake tena. Aliimwaga polepole kwenye shina la mpapai nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku, kisha akarudisha kikombe mezani kama mtu aliyeshiba. Bibi yake alimwona kupitia dirisha la jikoni, akaendelea kupanguza sufuria.

Alijua sababu. Tangu milango ya choo cha wasichana ing'olewe ili ikarabatiwe, mtoto hakuwa akinywa kitu mpaka arudi nyumbani. Asipokunywa, haendi chooni. Asipokwenda, hawamwoni wavulana wanaocheza mpira upande ule. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, ila kibofu hakikusomea hesabu. Alishaanza kulia akienda haja ndogo, kwamba inamchoma, na daktari wa zahanati hakuwa na maneno mengi: mtoto anywe maji, tena maji mengi, la sivyo figo zitaharibika.

Bi Taratibu alishakwenda shuleni mapema kumwona Mwalimu Mkuu. Akaambiwa kwa heshima zote kwamba mambo ya ukarabati huulizwa kwenye kikao. Akauliza kikao ni lini. Akaambiwa hilo nalo litatangazwa kwenye kikao. Mwingine angepiga kelele. Yeye jina lile hakupewa bure: siku jiko la jirani liliposhika moto, alivaa viatu kwanza, akafunga kamba, ndipo akapiga yowe. Alirudi nyumbani akasubiri.

Basi siku ikafika. Alijifunga khanga yake ya kutokea, akaenda.

Shule ilikuwa na geti jipya la chuma, zito, lenye mapambo ya maua. Ukuta wa kulishika geti hilo ulikuwa bado. Mbuzi walipita kushoto, watoto wakapita kulia, lakini mzazi ilimpasa apite katikati, agonge, mlinzi amfungulie na kumwuliza anakwenda wapi.

"Nakwenda hapo nyuma yako, baba," alisema Bi Taratibu.

"Haya, karibu," mlinzi akasema, akafunga geti kwa kufuli nyuma yake, mbuzi wakitazama.

Ndivyo ukarabati ulivyokwenda pale. Hakuna kazi iliyoanza bila kuzinduliwa, wala iliyokwisha bila kuzinduliwa. Geti lilizinduliwa lilipochorwa, likazinduliwa liliposimamishwa, likazinduliwa tena lilipopakwa rangi. Kila uzinduzi ulikuwa na utepe, mgeni rasmi, hotuba na meza kuu. Watoto walishajua kupiga makofi kabla ya kujua kusoma.

Mlangoni mwa ukumbi mwalimu wa darasa aligawa vikaratasi. Yalikuwa ni maswali. Mwalimu Mkuu, alieleza, hakutaka wazazi wasumbuke kufikiri, kwa hiyo aliwaandikia yeye mwenyewe. Bi Taratibu alinyoosha chake, akakisogeza mbali na macho, akasoma: Mwalimu Mkuu, siri ya mafanikio yako ni nini?

"Mimi nimepata la rangi," alinong'ona fundi seremala aliyekaa jirani yake. "Eti niulize aliwezaje kuchagua rangi nzuri namna hii."

"Rangi gani?"

"Sijui, bibi. Sijaiona."

Kwa kuwa alikuwa mtu mzima, Bi Taratibu alikalishwa mstari wa mbele, pua kwa pua na meza kuu. Ilikuwa meza ndefu, imefunikwa kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Nyuma yake waliketi Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wa kamati ambaye biashara yake ni magodoro na ambaye kila hotuba ilimlaza, na mgeni rasmi, mama mnene mwenye sura ya upole. Joto lilikuwa kali. Mgeni rasmi alikuwa na chupa za maji mbele yake, naye kila hotuba ilipopamba moto alishushia funda.

Hotuba zikaenda. Bi Taratibu, ambaye hawezi kukaa mbele ya kitambaa bila kukikagua pindo, aliona kwamba upande mmoja hakikufika. Chini ya pindo mbao ilitokeza, ya buluu, na kwenye mbao hiyo bawaba yenye kutu. Akainamisha kichwa kidogo. Akasoma herufi nyeupe zilizopinduka kichwa chini: WASICHANA.

Akainua kichwa. Akakunja mikono. Akasubiri zamu yake.

Maswali yakaulizwa, kila moja likajibiwa kwa urefu. Fundi seremala aliuliza la rangi bila kumtazama mtu. Bi Taratibu alipoitwa, alisimama, akasoma chake neno kwa neno, na Mwalimu Mkuu akaeleza kwamba siri ya mafanikio yake ni mpangilio. Makofi yakapigwa. Bi Taratibu hakuketi.

"Nakushukuru, mwanangu. Nina kadogo kamebaki. Milango ya choo cha wasichana iko wapi?"

Mwenyekiti akaamka.

Mwalimu Mkuu alitabasamu. Alieleza kwamba milango imo katika ukarabati, kwamba choo ndiyo awamu ya mwisho, na kwamba kitazinduliwa rasmi kama vilivyozinduliwa vingine.

"Siku hiyo mgeni rasmi ataketi wapi?"

"Meza kuu, bibi. Ataketi wapi tena?"

"Meza ipi?"

"Hii hii."

Bi Taratibu aliisogelea meza, akamwomba radhi mgeni rasmi, akamsogezea chupa zake pembeni moja moja zisimwagike, akayaweka maua kando, kisha akafunua pembe ya kitambaa na kuikunja vizuri, kama mtu anayetandika kitanda.

"Sasa nieleweshe taratibu, maana shule sikufika mbali. Choo hakizinduliwi bila meza. Meza ni milango. Milango hairudi mpaka choo kizinduliwe. Mjukuu wangu anywe chai lini?"

Mwalimu Mkuu alianza kusema kuhusu ubunifu na matumizi mazuri ya rasilimali, akaona sentensi haina mwisho, akamgeukia fundi. Fundi akasimama shingo upande. Alisema milango aliitengeneza zamani, tangu kabla ya geti, ila aliambiwa asubiri sherehe ziishe.

"Na sherehe, mzee, haziishi," akasema, akaketi.

Hapo kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji. Labda kingepita hivyo hivyo, kikao kifungwe, milango ibaki meza, maana kicheko hakijawahi kupigilia msumari. Lakini mgeni rasmi alikuwa amekunywa chupa zote. Alimwinamia Mwalimu Mkuu, akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba choo cha walimu kimejazwa makopo ya rangi ya geti. Akaulizwa tena. Akatazama meza.

"Fundi," alisema mgeni rasmi, sasa kwa sauti ya kusikika, "una bisibisi?"

Haujapata kuonekana ukarabati uliokwenda mbio namna ile. Kina baba walibeba milango vichwani, kina mama wakabeba bawaba na skrubu, mgeni rasmi akifuata nyuma kwa hatua fupi fupi. Mwalimu Mkuu alikuja na utepe mkononi, akiomba dakika moja tu ya uzinduzi. Mlango wa kwanza ulipokaa, mgeni rasmi alimpita, akaingia, akajifungia kwa komeo. Ndivyo choo cha wasichana kilivyozinduliwa, bila hotuba. Bi Taratibu alikaa juu ya tofali pale pale mpaka mlango wa mwisho ulipokazwa, na kila mmoja aliufungua na kuufunga kabla ya kumwambia fundi ahsante.

Kesho yake asubuhi aliweka kikombe cha chai mezani, akarudi jikoni kwenye sufuria zake, dirishani. Mtoto alikishika kikombe, akatoka nacho mpaka kwenye mpapai. Akasimama.

"Bibi, komeo linafunga kweli?"

"Limemfungia mheshimiwa mzima."

Mtoto aliwaza kidogo. Kisha akanywa yote, akarudi kuomba nyingine.