Mahari ya Torvel

"Gemu hili nalimaliza leo, na sifi hata mara moja!" Elipidius alisema, tena akasemea kwenye kipaza sauti, ili hata wanaopima maharage ng'ambo ya barabara wasikie. "Filamu yake naijua kuliko mama aliyemzaa stelingi. Sifi!"

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, hapo Omurushaka, ndani ya kibanda cha sinema cha Mzee Gaudiosus, kile cha mabati kilichojibanza nyuma ya ghala la mazao. Watu walikuwa wametoka kusali, Wakatoliki kwao na Walutheri kwao, wakala ndizi zao, na sasa walikuwa wamebanana kwenye mabenchi wakitafuna punje za kahawa. Kwa kawaida saa hiyo ilikuwa mali ya Elipidius. Miaka mitatu alikuwa akisimama kando ya runinga, anapunguza sauti ya Wazungu, anaongeza yake, anawasimulia watu filamu za wafalme na majoka kwa Kiswahili kilichochovywa kwenye Kinyambo. Watu walitoka Bugene kwa miguu kuja kumsikia. Wengine walitoka Kyerwa kwa basi, na Kyerwa si karibu.

Alikuwa na kasoro moja tu: Kiingereza. Alimaliza kidato cha nne akiwa na Kiingereza cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na ruhusa yenyewe hakuwa akipewa kila mara. Kwa hiyo kila Jumamosi aliiangalia filamu peke yake, akawakagua watu sura, akaamua nani mwema na nani mbaya, kama mshenga anayekagua ukoo akiwa barabarani. Alipoelewa, alieleza. Asipoelewa, alieleza zaidi.

Mambo yakaenda hivyo vizuri mpaka Celestina, binti wa Mzee Gaudiosus, aliporudi likizo kutoka chuo Bukoba akiwa na mashine ya gemu kwenye begi. Ndani yake kulikuwa na gemu la *Milima Tisa*, filamu ambayo Elipidius alikuwa ameisimulia mpaka inamtoka puani. Mzee Gaudiosus aliangalia gemu hilo dakika kumi, akajikuna kidevu, akasema maneno yaliyomnyima Elipidius hamu ya kula siku nne.

"Sasa, kijana, kama gemu linaeleza hadithi ile ile, na watu wanaicheza wenyewe, mimi wa kusimulia nimweke wa nini? Jumapili hii tutalijaribu mbele ya watu. Likiifuata filamu sawasawa, saa nane inakuwa ya gemu. Likiiharibu, unabaki na kipaza sauti chako."

Ndiyo maana leo Elipidius alikuwa na kazi mbili kwa mpigo: alishinde gemu ili heshima ibaki, na alichafue ili kazi ibaki. Mtu mwenye akili timamu angechagua moja.

Alikamata pedi, kile kidude cha vitufe, kwa mikono miwili.

"Kaka Elipidi," Celestina alisema, amekaa pembeni yake kwenye kigoda, "hiyo ni pedi, si mche wa mgomba. Legeza vidole."

"Dada, niache. Huwezi kumfundisha mwenye nyumba mlango ulipo."

Gemu lilianza kwa kipande cha filamu yenyewe: milima, ukungu, stelingi mwenyewe, shujaa wa hadithi, juu ya farasi, na askari mwenye koti la chuma aliyekuwa akipokea mfuko kutoka kwa mtu wa joho jeusi. Mabenchi yakatulia. Mazoea yana nguvu: kabla hajajizuia, Elipidius alikuwa ameshavuta kipaza sauti mdomoni.

"Haya waitu, ndugu zangu, hapo sasa! Huyo ndiye Torvel, rafiki wa kufa na kuzikana wa stelingi wetu. Anakamata mahari ya dada wa mfalme! Harusi inanukia!"

"Mahari?" Celestina aligeuka. "Anayeoa nani?"

"Torvel."

"Mbona anapokea? Anayeoa si ndiye anayetoa?"

Benchi la mbele likacheka. Egbert, dereva wa bodaboda ambaye kazi yake ya pili ni kuwachokonoa watu, akadakia: "Labda huko milimani wanaume ndio wanaolipiwa! Nihamieni huko jamani!"

"Anapokea ili apeleke," Elipidius alisema kwa meno. "Mshenga haruhusiwi kubeba mfuko? Tuendelee."

Picha ya filamu ikayeyuka polepole, na yule stelingi, ambaye sekunde moja kabla alikuwa mtu wa nyama na damu, akawa mtu wa gemu, amesimama mbele ya lango akingoja amri. Hata Elipidius alikubali moyoni kwamba hapo walikuwa wamefanya kazi safi.

Kutoka langoni akaja mzee wa ndevu nyeupe mwenye fimbo. Katika simulizi za Elipidius, mzee huyu alikuwa mchawi aliyemroga mfalme. Alimjua kwa macho yake mekundu, na kwa sababu hakuna mwema anayetembea na fimbo ndefu kiasi kile. Elipidius hakumsubiri hata asalimie. Alibonyeza, akabonyeza, upanga ukashuka, mzee akaanguka, na runinga nzima ikawa nyekundu kama kahawa iliyoiva.

"Umekufa," Celestina alisema.

"Nimekufaje? Nimeua mimi!"

"Imeandikwa hapo: umemuua mlinzi wako. Unarudi mwanzo."

Akarudi mwanzo. Akamuua tena mzee, safari hii kwa kumvizia, kutokea nyuma ya jiwe. Nyekundu. Mara ya tatu alimzunguka, akampita mbio, akaruka ukuta, akakimbia mpaka darajani, na hapo joka likamtafuna kwa sababu wa kulizuia ni mzee yule yule.

"Tatu hizo," Egbert alihesabu. "Na tulisema hatufi."

Elipidius alifuta jasho. Mtu asikudanganye kwamba hasira za gemu ni za watoto. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeingia nyumbani kwake mwenyewe akakuta vyumba vimehamishwa. Akawageukia watu.

"Nyie mnaona? Hawa waliotengeneza hili gemu filamu hawakuiangalia! Walisimuliwa na mtu mlevi! Kwenye filamu, daraja hili stelingi analivuka kwa pumzi moja, muziki unalia, hata wewe unalia. Humu nimeruka mawe robo saa kama chura. Joka kwenye filamu linatokea mara moja, unalala njaa kwa hofu. Humu limekaa tu, linangoja nilipige kwenye kisigino mara arobaini. Joka gani lina kisigino?"

"Kweli," sauti moja ilisema kutoka katikati. "Hata mimi nimeona ni mchezo wa kuruka tu."

"Filamu inakupa muda wa kuumia," Elipidius aliendelea, sasa amepata upepo. "Mtu anakufa, unakaa naye. Gemu linakupa vitufe. Rafiki yako anakata roho, wewe unatafuta kitufe cha mraba kiko wapi!"

Hapo, tuseme ukweli, alisema jambo. Hata Celestina alitikisa kichwa kidogo. Mzee Gaudiosus, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kuangalia ile mashine kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa. Laiti Elipidius angeishia hapo, akaweka pedi chini, akaenda zake kunywa rubisi. Lakini mtu wa maneno akipigiwa makofi huwa hajui kuishia.

"Ngojeni niwaonyeshe," alisema. "Torvel ndiye atanivusha. Huyu hawawezi kumkosea."

Wakati huo aliingia Placidius, mkulima wa Kiruruma, na mkewe Prudensia akiwa na mtoto mgongoni. Bodaboda yao ilikuwa imepata pancha njiani. Placidius alikuwa msikilizaji wa aina ambayo kila msimulizi huiombea: haulizi, hachokozi, analia mahali pa kulia. Aliinua mkono kumsalimia Elipidius kwa adabu, wakakaa benchi la nyuma.

Kwenye runinga stelingi alikuwa amelikwepa joka kwa bahati, akafika ukingo wa shimo lisilo na mwisho. Torvel akatokea na koti lake la chuma. Elipidius akamkabidhi mwenge ulioshikwa na stelingi. Torvel akaupokea, akatabasamu, akamsukuma shimoni.

Nyekundu.

"Kamsukuma," Egbert alisema.

"Kamwokoa!" Elipidius alipayuka. "Kulikuwa na mshale unakuja! Hata kwenye filamu anamsukuma, niliwaambia, alimsukuma ili mshale umpite!"

"Lakini kafa."

"Gemu ndilo limemuua, si Torvel!"

Akajaribu tena. Akampa mwenge, akasukumwa. Akakataa kumpa mwenge, akasukumwa hivyo hivyo. Akajaribu kusimama mbali, Torvel akamfuata kama mgambo, akamsukuma. Mara ya saba Elipidius alisimama, akalipiga goti lake mwenyewe ngumi, akaumia.

"Limeharibika hili gemu! Limeharibika, Mzee!"

"Kaka," Celestina alisema, na sasa uvumilivu ulikuwa umemwishia hata yeye, "gemu halijaharibika. Tangu mwanzo linakuandikia hapo chini kwa herufi kubwa. Mzee mwenye fimbo ni mlinzi wako. Torvel ni msaliti. Ule mfuko ni malipo ya usaliti. Lete hiyo pedi."

Alichukua pedi. Alimwacha mzee aje, mzee akainua fimbo, lango likafunguka lenyewe. Darajani mzee alilizuia joka. Kwenye ukingo, Torvel alipotokea na tabasamu lake, Celestina aliruka pembeni, na Torvel akaingia shimoni yeye na koti lake. Halafu kikaja kipande kingine cha filamu, kile ambacho Elipidius alikisimulia siku zote kama mazishi ya shujaa: watu wamesimama ukingoni, wanatazama chini, kimya. Sasa, baada ya kuyapitia kwa mkono, kila mtu kibandani aliona kwamba hakuna aliyekuwa akilia. Mmoja alikuwa akitema mate shimoni.

"Mungu wangu," mama mmoja alisema polepole. "Kumbe wanamtemea."

Mzee Gaudiosus alikuja mbele. "Celestina, wewe Kiingereza unakijua, na filamu umeiona chuoni. Niambie. Gemu limeifuata filamu au halikuifuata?"

"Baba, kwa kuruka-ruka wamezidisha, na lile joka wamelidhalilisha, hapo kaka Elipidi kasema kweli. Lakini hadithi wameifuata hatua kwa hatua. Asiyeifuata ni msimulizi."

Elipidius aliona saa nane yake ikiondoka kama basi la Bukoba, na yeye yuko ng'ambo ya barabara. Ndipo akachukua kipaza sauti, akacheka. Kicheko kilitoka kizuri, cha mtu mkubwa.

"Basi na mimi nikiri. Nilikuwa nawapima."

"Unatupima?" Mzee Gaudiosus aliuliza.

"Nawapima kama mnasikiliza! Mzee, miaka mitatu nasimulia hapa. Nani hajui kwamba Torvel ni msaliti? Nilisema tangu siku ya kwanza! Leo nimejifanya nimesahau, nikasema nione nani atanisahihisha. Hakuna! Mmenyamaza kama magunia ya maharage. Mnasikiliza kwa matumbo!"

Watu wakaangaliana. Kumbukumbu ya umati ni kitu laini; ukiisukuma inabonyea.

"Eti kweli," mmoja alisema. "Nakumbuka kama aliwahi kusema yule jamaa si mtu mzuri."

"Alisema," mwingine akaunga. "Wakati wa masika."

"Mimi nakumbuka mahari," Egbert alisema, lakini bila uhakika.

"Mahari nilitania!" Elipidius alisema. "Lini nimewahi kumsifu Torvel hapa? Lini? Aliyenisikia asimame."

Mzee Gaudiosus alikuwa ameanza kulegea. Ilionekana kwenye mabega. Naye alikuwa anampenda huyu kijana, na gemu lina umeme mwingi. Elipidius aliliona hilo, akashusha pumzi.

Benchi la nyuma lililia. Placidius wa Kiruruma alikuwa amesimama.

"Shikamoo Mzee Gaudiosus."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Mimi si msemaji," Placidius alisema. "Lakini kauliza aliyemsikia. Nilimsikia. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, nilikaa hapa hapa. Alisema Torvel ndiye mwanamume pekee mwaminifu chini ya jua. Alisema, 'Anayetarajia mtoto wa kiume ampe jina hili, hatajuta.' Alinyoosha kidole kwangu, maana mke wangu alikuwa na mimba kubwa."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Kibanda kizima kilisikia Elipidius akimeza mate.

"Placidius, ndugu yangu, ile ilikuwa..."

"Nikaenda parokiani. Katekista akaniuliza, jina gani? Nikasema Torvel. Akaniuliza, ni mtakatifu wa wapi? Nikasema wa milimani. Hakushangaa. Mimi Placidius, baba yangu Cleophace, jirani yangu Nolasco, angeshangaa nini? Akaongeza mwisho wa Kilatini mwenyewe, akaandika."

Hakuna aliyecheka, hata Egbert. Prudensia alisimama polepole, akajigeuza, akawapa watu mgongo, ili mtoto aliyefungwa hapo awe ndiye anayewatazama. Mtoto alikuwa mnene, ameamka sasa hivi, anamwangalia Elipidius kwa macho ya mtu asiye na kosa.

"Torvelius," Placidius alisema. "Miezi minne sasa. Bibi yake anamwimbia kwa jina hilo."

Mzee Gaudiosus akanyoosha mkono kwa Elipidius, kiganja juu, akingoja kipaza sauti.

"Usimnyang'anye kwanza, Mzee," Placidius alisema. "Akishike hivyo hivyo, na wote wasikie. Aniambie: leo nikifika nyumbani, mwanangu nimwiteje?"