Shimo la Mwisho Halipigwi Moja kwa Moja

Kasian ni Mchaga wa Kibosho, mimi Mishi ni Mdigo wa Kwale, na Dubai ndiyo iliyotukutanisha kwenye uwanja wa gofu: yeye hukata nyasi, mimi huwabebea wageni mifuko ya fimbo na kuwapa shauri. Siku hiyo nilimbebea yeye. Sir Terry, meneja wetu, alitaka mwalimu msaidizi kutoka kwa wafanyakazi, na walibaki wawili, Kasian na Tamim. Tamim alishamaliza. Kasian akilimaliza shimo la mwisho kwa mikwaju minne, kazi ni yake. Akipiga mitano, arudi kwenye mashine ya nyasi. Na mama yake kule nyumbani ameshaitangazia jumuiya nzima kwamba mwanawe atakuwa mwalimu. Kila Jumapili swali ni lile lile: "Wamekupa?"

Mkwaju wa kwanza ulikaa vizuri. Tulikuwa tunaufuata mpira simu yangu ikalia. Edna, dada yake.

"Mishi, uko naye? Mama ametutoka asubuhi hii. Mshike kwanza, ndipo umwambie."

Kwetu sote, bara na pwani, habari ya msiba hapigiwi mfiwa. Hupigiwa aliye karibu naye. Nilimkasirikia Edna, Mungu anisamehe. Hakuona mwingine wa kumtwika?

"Nani huyo?" Kasian akauliza.

"Edna. Ati mama anaumwa kidogo."

Mjinga mimi! Nani asiyeijua "anaumwa kidogo" ya simu kutoka nyumbani? Kasian alinitazama, kisha akaitazama bendera ya shimo.

"Haya, nishauri," akasema.

Shimo lile lina hila. Uwanja hauna mti hata mmoja, upepo wa baharini huuteka kila mpira uliopaa, na mbele ya bendera pana handaki la mchanga lenye kina cha kaburi. Neno hilo nililimeza.

"Usiilenge bendera," nikamwambia. "Piga kifupi, kushoto, ubaki upande huu wa handaki. Halafu upige chini chini, mpira ugonge kile kinundu cha ardhi kando ya handaki. Ardhi ni ngumu, itaushusha yenyewe."

Akafanya vivyo hivyo, bila haraka. Mkwaju wa tatu uligonga kinundu, ukateremka polepole, ukasimama hatua moja tu kutoka shimoni. Wallahi sijaona mkwaju mzuri kama ule. Sikuweza kuufurahia.

Kasian akasimama mbele ya mpira, hapigi.

"Dada, umenizungusha vya kutosha. Sasa nipe moja kwa moja."

"Maliza kwanza, ndugu yangu."

"Sipigi mpaka uniambie."

Nikautua mfuko wa fimbo. "Mama amefariki, Kasian."

Akafanya ishara ya msalaba. Nikatamani kumnyang'anya fimbo nipige mimi. Akapanga miguu upya. Akapiga. Mpira ukaingia.

Sir Terry alikuja mbio kumpongeza, mkono mbele. Kasian hakumwona. Alikuwa ameketi kwenye nyasi alizozikata mwenyewe, analia kwa sauti, nami nimemshika kama nilivyoagizwa. Wenye kusema kwamba si maharimu yangu hata nimguse, waseme.

"Mpigie Edna," akaniambia. "Mwambie wamenipa. Amwambie mama kabla hawajafunika jeneza."

Nikaanza kuitafuta namba, siioni kwa machozi.