Noti ya Hamadan

"Sasa washa!" Keramat alipaza sauti kutoka juu ya paa, miguu imezama kwenye majani makavu aliyoyang'oa ndani ya kipoza-hewa.

Chini, Bi Aqdas, mwenye nyumba, akabonyeza swichi. Mashine ikakohoa, ikatetemeka, kisha maji yakaanza kuchuruzika kwenye majani mapya, yale yanayolowa ili upepo wa feni upite humo ukapoe. Hiyo ndiyo kazi ya Keramat kila mwaka joto likianza kuingia Isfahan. Anatoka paa hili anapanda lile, anabadilisha majani, anakagua pampu na mkanda wa feni, jioni anarudi nyumbani ananuka nyasi mbichi.

Alishuka kuangalia kama upepo unafika sebuleni. Ulifika. Ulipeperusha pazia, na nyuma ya pazia, ukutani, akaiona.

Fremu ndogo ya mbao. Ndani yake noti ya tomani moja, ya zaidi ya miaka mia, Shah na masharubu yake, simba na jua, na juu ya vyote jina la mji lililogongwa kwa wino: Hamadan. Enzi hizo benki iligonga noti jina la mji, na noti ya mji fulani ilibadilishwa kwa sarafu za fedha huko huko tu. Tangu ujana Keramat alikuwa anatafuta moja ya kila mji. Tabriz anayo. Rasht, Shiraz, Yazd anazo, nyingine zimechanika, nyingine benki yenyewe ilizitoboa kuzifuta. Ya Hamadan aliwahi kuiona mara moja tu kwenye soko la Ijumaa, na hata angeuza pikipiki yake isingetosha.

"Aa, mama," alisema kabla hajafikiri, "hii nzuri sana!"

Maneno yalishamponyoka. Ukisifia kitu nyumbani kwa mtu, umembana. Yeye lazima akupe, na wewe lazima ukatae, hata kama unaitaka.

"Ichukue, fundi. Ni yako."

"Wapi, mama! Hapo ndipo mahali pake."

"Nakwambia ichukue. Mimi na kikaratasi hicho tunafanyiana nini?"

"Mungu akuweke. Nimeshaiona, imetosha."

Mara ya tatu Bi Aqdas alishaitoa ukutani, ameishika kwa mikono miwili. "Macho yako yanaiona vizuri kuliko yangu. Shika, baba."

Keramat akaitazama ile mikono. Inatoa, au inashikilia? Hakujua. Akafuta jasho, akasema hapana, akabeba sanduku lake la spana akaondoka.

Nyumbani, mkewe Molouk alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Watu wananunua mkate kwa hela, mume wangu ananunua hela kwa hela. Leo kapewa ya bure, kakataa!"

"Alikuwa anasema tu. Adabu."

"Aliitoa ukutani?"

"Aliitoa."

"Basi alikuwa anakupa, kichwa maji we! Mwenye adabu tu angebaki amekaa na chai yake."

Kesho yake Keramat alinunua boksi la gazi, zile peremende laini za pistachio, akaenda tena eti kukagua pampu. Njiani alishaamua. Bi Aqdas akisema tena, hata mara moja tu, anaichukua.

Ukutani hapakuwa na kitu. Rangi ya pale ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, kiasi cha kiganja.

"Kamyar kaichukua," Bi Aqdas alisema kabla hajaulizwa. Kamyar ni mtoto wa kaka yake, amekulia Ujerumani. "Alikuja jana jioni kuniaga. Akasema, shangazi, hii nzuri. Nikamwambia ichukue, ni yako. Unajua alijibu nini?"

"Alijibu nini?"

"Asante."

"Asante tu?"

"Asante! Akaiviringisha kwenye fulana, akatia kwenye begi."

Keramat alijaribu kujizuia, akashindwa. Wakacheka wote wawili, Bi Aqdas anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kicheko kikaisha, yeye akawa bado anajifuta.

"Ilikuwa ya baba mkwe," alisema. "Mume wangu aliitundika mwenyewe, siku tuliyohamia hapa. Hata viti hatukuwa navyo."

Keramat akalitazama boksi la gazi mapajani mwake. "Na mimi, mama? Jana ulikuwa unanipa kweli?"

"Wewe ungeichukua, ningekuwa nakuja kwako kuiangalia. Si mtaa wa pili tu hapo? Ujerumani nitafika na magoti haya?"

Keramat akainyoshea simu kidole. "Mpigie simu."

"Nimwambie nini? Nirudishie zawadi yangu? Bora nife, fundi."

Simu ikalia yenyewe. Ni ya zamani, ya mezani, na Bi Aqdas masikio yake si mazima, kwa hiyo sauti ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Keramat alisikia kila kitu.

"Shangazi, mimi Kamyar. Niko uwanja wa ndege. Sikiliza, mama kanigombeza, eti ile noti nilitakiwa niikatae. Kweli? Mimi mambo haya siyajui. Rafiki yangu aliyenileta yuko hapa na gari. Kama unaitaka, nampa akuletee sasa hivi."

Keramat akaruka kutoka kwenye kiti. Gazi zikamwagika kwenye zulia. Akawa anatingisha kichwa, anapunga mikono yote miwili, midomo inasema bila sauti: mwambie ndiyo, mama, mwambie ndiyo.

Bi Aqdas alimtazama. Akakaa wima, akatengeneza mtandio wake kama Kamyar anamwona.

"Wee, mwanangu, maneno gani hayo? Kikaratasi tu kile. Si kitu kabisa. Ni yako."

"Aa, basi sawa. Asante sana, shangazi!"

Ikakatika. Tuu, tuu, tuu.

Bi Aqdas hakuirudisha simu mahali pake. Aliendelea kuibana sikioni, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayesubiri kuulizwa tena.