Kipenyo cha Mti Nambari Tisa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 17 Julai 2001, mti nambari tisa ulikuwa na kipenyo cha sentimita 27.6. Miaka mitano nyuma Mwololo, mpimaji wa misitu, mwenyewe aliupima kwenye mstari huohuo wa rangi nyekundu, akapata 28.4.

Alizungusha tena utepe wa kupimia kipenyo. 27.6.

Sababu ilionekana kwa macho. Upande mmoja wa shina gome lilikuwa limechunwa, na mstari wa rangi umekwenda nalo. Miti sita kati ya kumi ilikuwa hivyo. Kiwanja hicho cha miti kumi ndicho pekee kilichochaguliwa kupimwa kati ya Kitengela na Isinya. Kikikataliwa kwa sababu ya vipimo vilivyopungua, eneo lote lingeingia kwenye ramani ya misitu kama nyasi tupu, na Mwololo alikuwa amelitembea kwa miguu akaona miti.

“Mzee Parmuat,” alimwambia mwenye boma la jirani, aliyekuja kumsalimu, “nani ametoa hii magome?”

“Sisi wote. Ulisema tusikate. Kuna mwenye amekata?”

“Lakini mbona hii ya rangi tu?”

“Ile ingine ya karibu ilienda na watu wa makaa. Hii waliogopa, wakasema ni ya serikali. Sasa tukitaka magome ya kuchemsha na supu, ile dawa, twende Nairobi?” Parmuat alicheka. “Na wewe Mkamba, hiyo supu si ulikunywa hapa ukaomba ingine?”

Mwololo hakucheka. Ilikuwa kweli.

Nalotuesha, mke wa Parmuat, alitoa jikoni vipande vya magome makavu. Kimoja kilikuwa bado na rangi nyekundu. Mwololo alikipeleka kwenye mti nambari tisa, kikaingia kwenye kovu bila kuacha pengo. Unene wake ulikuwa sentimita 1.4. Upande mmoja tu ndio uliochunwa, hivyo aliongeza 1.4: 29.0. Mti ulikuwa umekua. Kwa ile mitano mingine alipima unene wa gome kwenye kingo za makovu. Yote ilikuwa imekua.

Aliandika hesabu pembeni mwa fomu, akaweka kipande cha Nalotuesha kwenye bahasha kama ushahidi, akaituma pamoja na fomu kwa ofisi ya ramani Nairobi, kutoka ofisi yake ya Kajiado. Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa tarehe 31.

Tarehe 26 Githongo, mkaguzi wa fomu, alipiga simu.

“Bwana Mwololo, mti haupungui.”

“Haujapungua. Gome ndilo limetolewa. Soma pembeni.”

“Nimesoma. Kompyuta haisomi pembeni.”

“Basi andika 29.0.”

“Utepe ulisema 29.0?”

“Utepe ulisema 27.6.”

“Sasa unataka niandike kitu ambacho utepe haukusema?”

Mwololo mwenyewe angemfukuza kazi mpimaji aliyeandika kitu ambacho utepe haukusema.

“Gome liko ndani ya bahasha,” alisema. “Lipime.”

“Nitaona.”

Mwololo alipiga simu tarehe 27, 30 na 31. Mara zote aliambiwa Githongo ametoka kidogo.

Tarehe 9 Agosti bahasha ilirudi Kajiado. Ndani mlikuwa na fomu ya kiwanja, imepigwa muhuri wa KIMEFUTWA, na nakala ya ramani. Kati ya Kitengela na Isinya palikuwa pamepakwa rangi ya nyasi. Gome halikuwemo.