Siku Duka Lilipotapika

Jumanne asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, Tajiri alitukusanya wote karibu na meza ya keshia akatoa karatasi. Aliisoma polepole, kama mtu anayesoma majina ya marehemu.

"Chupa za chai, tisa. Sahani, ishirini na sita. Glasi, thelathini na nne. Mafuta ya kula ya lita moja, kumi na moja. Majagi ya kioo, matatu."

Vyote vilipokelewa stoo na kusainiwa. Havikuuzwa, rafuni havipo, na stoo havipo.

"Vitu havina miguu," akasema. "Na mwenye funguo ni mmoja."

Macho yote yakamwendea shemeji yangu. Yeye ndiye mtunza stoo, mume wa dada yangu mkubwa, na ndiye aliyeniombea kazi ya usafi pale dukani. Wenzetu humwita Funguo. Alikuwa amezishika hizo funguo mkononi, akazificha nyuma ya mgongo.

"Bosi, sijachukua hata kijiko."

"Basi nionyeshe viliko. Nakupa mpaka Jumamosi saa nane mchana. Nikiviona kwa macho yangu, yameisha. Nisipoviona, utakwenda kuwaeleza polisi. Wao wana subira kuliko mimi."

Mfagiaji hulijua duka kutoka chini. Mimi nilijua kwamba vile vitu havikutoka nje. Karibu na choo kilibandikwa kibao: UKIVUNJA, UNALIPA. Na kila mtu alijua ambacho hakikuandikwa, kwamba ukivunja mara ya tatu unakwenda kwenu. Kwa hiyo kitu kilipoanguka, aliyekiangusha alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha kitu kile kikapotea. Nilipokuwa nikipitisha ufagio chini ya rafu, mara nyingi uligonga kigae cha sahani au shingo ya chupa. Sikuuliza. Nilivisukuma ndani zaidi, visionekane. Nilidhani huo ndio wema.

Na mimi nilikuwa na langu. Wiki yangu ya kwanza niligonga jagi la kioo kwa mpini wa dekio. Nililifunga kwenye tambara nikalitia ndani ya kabati la mita ya umeme. Kila nilipopita pale nililisikia likinitazama, kama jagi lingekuwa na macho.

Jumatano jioni nilimkuta dada anapiga pasi shati jeupe la mumewe.

"Hilo la lini?"

"La Jumamosi."

"Mbona mapema hivyo, dada?"

"Kama ni kwenda polisi, aende amenyooka." Akaigeuza kola, akaipiga tena pasi ingawa haikuwa na mkunjo hata mmoja. Shemeji alikuwa amekaa mlangoni anatazama viatu vyake. Hakula.

Ningeweza kupanda ngazi hadi ofisini nikamwambia Tajiri, fulani ameficha pale, fulani pale. Nililifikiria jambo hilo siku mbili. Lakini kumtoa mmoja kwa kuwatia wanane ni kubadilisha tu mzigo kutoka bega hili kwenda lile.

Ijumaa nilimwendea keshia wa kwanza, Dada Chenji. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa nayo kamwe.

"Dada, ile chupa ya chai iliyo nyuma ya karatasi za choo..."

"Ipi?" Hakuinua macho. "Mdogo wangu, siku hizi unafagia kwa macho?"

"Jumamosi wanampeleka."

"Najua."

"Tukisema sote?"

"Sote ni nani? Mimi nimeshakatwa mara mbili. Nikitaja ya tatu, wanangu wataula huo ukweli kwa mchuzi gani?" Akafunga droo kwa kishindo. "Nenda kafagie. Mdomo uliponza kichwa."

Lakini mteja aliyefuata alipewa chenji kamili bila hata kuomba, nikajua moyo wake haupo kazini.

Jumamosi tulifunga mlango wa mbele saa nane kasoro robo. Wateja walikuwa wanachungulia kwenye kioo wakidhani tuna kikao. Tajiri alisimama katikati ya duka, penseli sikioni, simu mkononi. Shemeji alisimama mbele yake na lile shati.

"Viko wapi?"

"Sijui, bosi."

Tajiri akaanza kubonyeza simu. Nilipiga moyo konde. Nilitembea mpaka kwenye kabati la mita, na mlango wake wa bati ukalia kama mbuzi, sauti iliyolijaza duka lote. Nilirudi na tambara nikalifungua sakafuni mbele ya miguu ya Tajiri. Mkono wa jagi ulikuwa bado mzima, umeshikilia hewa.

"Jagi moja, bosi. Ni mimi. Nilivunja wiki ya kwanza nikaficha."

Tajiri alinitazama, akalitazama jagi, akachukua penseli. "Moja," akasema. "Bado mawili."

Shemeji alinitazama kama amenipoteza na mimi pia.

Mara nikasikia msonyo, halafu visigino. Dada Chenji alikuwa anakwenda kwenye rafu ya karatasi za choo. "Liwalo na liwe," akasema. Akarudi na chupa ya chai, nje inang'aa maua mekundu, akaitikisa karibu na sikio la Tajiri. Ilichakarika kama kibuyu cha mbegu.

"Sikia, bosi. Nje nzima, ndani kifusi. Kama sisi."

Kuna mtu alicheka, kisha akajizuia. Kicheko kile ndicho kilichofungua kizibo.

Tembo, mpakuzi wetu wa mizigo, mkubwa wa mwili, alikwenda kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akatoa glasi. Akatoa nyingine. Akawa anazitoa kama anayechimba viazi, zilizopasuka na zilizobaki nusu, akizifuta mchanga kwa kidole gumba kabla ya kuziweka chini. Vijana wawili wa rafu wakapanda ngazi, wakasukuma ubao wa dari. Vumbi likashuka, kisha zikashushwa chupa za mafuta zilizotoboka, na harufu ya mafuta yaliyochacha ikatupiga sote usoni. Mwingine akang'oa ubao wa chini ya rafu ya sabuni. Mwingine akalala kifudifudi na kuingiza mkono chini ya friji, akavuta, akavuta tena.

Kulikuwa na begi kubwa la magurudumu kwenye rafu ya juu kabisa, ambalo halikuwahi kununuliwa kwa sababu ya bei yake. Nililifuta vumbi kila Jumatatu kwa miaka miwili. Walilishusha watu wawili wakiguna. Zipu ilipofunguliwa, sahani zilizovunjika zilimwagika kama maji ya bomba, zikaenda, zikaenda, na mlio wake ulipokoma masikio yangu yaliendelea kuusikia.

Mimi niliyejiona nalijua duka lile kutoka chini, nilikuwa nimejua robo tu. Nilisimama na tambara langu tupu nikatazama kuta, dari na rafu zikitoa vilivyokuwa ndani yake, na nikaogopa kama mtu anavyoogopa mbele ya bahari iliyorudi nyuma na kuacha mchanga wazi. Tulikuwa tunapanga sabuni na kuuza sukari juu ya hayo yote. Hata watu walibadilika. Aliyetoa chake hakurudi kwenye kona yake. Alibaki kando ya lile rundo, amesimama wima.

Tajiri alikuwa anapiga alama kwenye karatasi. Chupa za chai, zimetimia. Glasi, zimetimia. Alama zikafika mwisho wa karatasi, lakini vitu vikaendelea kuja. Aliishusha penseli polepole.

"Hivi niviandike wapi?" akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya Tajiri.

Ndipo Tembo alipolisogeza friji kubwa la ukutani peke yake, bega kwa bega nalo, akatoa katoni iliyooza kwa unyevu. Ndani mlikuwa na vikombe vya buluu vyenye mkanda wa dhahabu ukingoni. Hatukuuza vikombe kama vile. Sisi wengi hatukuwahi hata kuviona.

Tajiri alivitambua. "Dazeni mbili," akasema bila kuhesabu.

Dada Chenji aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaninong'oneza. Kabla ya shemeji kulikuwa na mtunza stoo mwingine, mtu mzima, wakimwita Mzee tu. Miaka sita iliyopita vikombe dazeni mbili vilipotea. Tajiri alimtoa Mzee nje mbele ya wateja, ameshikwa shati mgongoni. Hakurudi tena.

"Ni mimi, bosi," Tembo akasema. Mwili mkubwa vile, na sauti ndogo kama ya mtoto mgonjwa. "Nilikuwa nimebeba katoni kichwani, ikanitoka. Nikaogopa nikaficha. Kesho yake mkamtoa Mzee, nikaogopa zaidi. Kila siku nikiogopa, hofu ya kesho yake inakuwa kubwa kuliko ya jana."

"Iliangukia wapi?" Tajiri akauliza.

Sikutegemea swali lile. Nadhani hata yeye hakulitegemea.

"Pale kwenye kona ya kuingilia stoo."

"Pale?" Dada Chenji akadakia. "Hata chupa yangu ni pale!"

"Na sahani zangu," akasema mmoja wa vijana wa rafu.

"Na mafuta yangu mara mbili," akasema mwenzake.

Tulikwenda sote, kama tunakwenda kumwona mgonjwa. Kona ilikuwa kona tu, mlango, ukuta, sakafu ya vigae vyeupe. Shemeji alipiga magoti na shati lake lililonyooka, akapitisha kiganja sakafuni polepole. Mkono ukasimama. Kigae kimoja kilikuwa kimeinuka, unene wa kidole cha mwisho. Mtu anayepita mikono mitupu angekivuka bila kujua. Mwenye katoni kichwani haoni miguu yake.

Nilitamani sakafu inimeze. Kila asubuhi dekio langu lilikwama pale, na kila asubuhi nililiinua nikapitisha juu. Miaka miwili nilikuwa namjua mwizi kwa mkono wangu, na sikumtaja kwa sababu sikujua ni yeye.

Tajiri alipiga magoti kando ya shemeji. Alikigusa kigae kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa paji la uso la mwenye homa. Wateja walikuwa wanagonga kioo, na hakuna aliyekwenda kufungua.

"Bosi," shemeji akasema, "polisi nitakwenda saa ngapi?"

"Kalete nyundo na patasi." Kisha Tajiri akaongeza, "Nisamehe, ndugu yangu." Hakuinua kichwa aliposema hivyo, lakini tulisikia sote.

Shemeji alikwenda. Nilimwona akifungua stoo, funguo zikining'inia waziwazi kidoleni. Kigae kilitoka kwa mapigo matatu. Chini yake palikuwa na shimo dogo la mchanga mkavu, basi.

Tajiri alisimama, magoti ya suruali yake yamejaa vumbi. Akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza tumeajiriwa.

"Kuanzia leo wekeni meza hapa. Kitu kikivunjika, kiwekwe juu yake waziwazi. Msiniambie nani. Niambieni wapi." Kisha akamgeukia Tembo. "Mzee yuko hai?"

"Yuko hai, bosi. Anashona viatu nyuma ya soko. Huwa nampelekea viatu vyangu. Hata vikiwa vizima."

"Na hujawahi kumwambia?"

"Hapana."

Tajiri aliinama akashika upande mmoja wa ile katoni iliyooza. Ilikuwa dhaifu, ingemwagika. Tembo akawahi kushika upande wa pili na kuweka kiganja chini yake. Dada Chenji ndiye aliyewafungulia mlango. Wateja walipisha bila kuambiwa, na wale wawili wakatoka na vikombe vilivyovunjika, hatua kwa hatua, wakitazama chini kabla ya kukanyaga.